Usalama kazini na kemikali hatarishi chuoni: maswali mnayotuuliza kila muhula

Maswali haya tumeyaokota maabara, stoo, karakana na kwenye korido, mengine kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mengine kwa wahadhiri, na mengi kwa kina mama na vijana wa usafi ambao huingia kila chumba lakini semina hawaitwi. Sisi wa usalama wa chuo tumeyajibu tukiangalia mazingira ya hapa Mtwara. Maelekezo yanayokuja na kemikali kutoka viwandani huandikwa na watu wenye umeme usiozimika, maji yasiyokatika na gari la taka linalopita kila wiki. Sisi lazima tuongeze yetu.

## Mambo ya kuanzia

1. Kemikali hatarishi ni zipi hasa? Mbona nyingine zinauzwa dukani?

Kuuzwa dukani hakuondoi hatari. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua: ganda lina mafuta yanayobabua ngozi mpaka ikamenyuka, na hakuna kiwanda kilichoyatengeneza. Kemikali ni hatarishi ikiwa inaweza kuunguza, kulipuka, kushika moto, kusumisha, kuula mwili au chuma, au kuharibu maji na viumbe. Hapa chuoni orodha ni ndefu: tindikali, spiriti, asetoni, fomalini ya idara ya baiolojia, gesi ya mitungi, rangi na tina za karakana, viuatilifu vya shamba la mafunzo, jiki na dawa za choo. Hizo mbili za mwisho watu huzisahau, nasi tumezirudia kwenye swali la 11.

2. Zile alama zenye mpaka mwekundu zinasema nini?

Ni alama za mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, na ziko 9. Fuvu ni sumu kali. Mwali wa moto ni kitu kinachowaka. Kimiminika kinachotiririkia mkono na chuma ni kitu kinachounguza na kula. Mtu mwenye mchoro kama nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu, kama saratani au uzazi kuharibika. Samaki mfu na mti mkavu ni sumu kwa mazingira. Mtungi ni gesi yenye shinikizo, bomu linalopasuka ni mlipuko, na alama ya mshangao ni muwasho au madhara mepesi kidogo.

Ya tisa ndiyo inayowachanganya wengi: mwali juu ya duara. Haimaanishi kwamba kitu hicho kinawaka. Inamaanisha kinakichochea kingine kiwake, kwa kukipa oksijeni. Pamanganeti ya potasiamu na nitrati ziko kundi hili. Ukiziweka rafu moja na spiriti kwa kudhani zote ni "za moto", umeandaa kuni na kiberiti mahali pamoja.

3. Karatasi ya taarifa za usalama ina kurasa nyingi. Nianzie wapi?

Ina sehemu 16, na mpangilio wake haubadiliki hata mtengenezaji akibadilika. Kabla ya kufungua chupa soma ya 2 (hatari), ya 7 (kushika na kuhifadhi) na ya 8 (vifaa kinga). Ajali ikitokea, nenda ya 4 kwa huduma ya kwanza, ya 5 kwa moto, ya 6 kwa kilichomwagika. Kabla ya kutupa, ya 13.

Karatasi nyingi ziko kwa Kiingereza. Ndiyo maana kwenye mlango wa kila chumba cha kemikali tumebandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: kilichomo ndani, kinachodhuru, na la kufanya. Ukiona mlango hauna ukurasa huo, tuambie siku hiyohiyo.

4. Mimi ni mwanafunzi tu. Kwani usalama si kazi ya chuo?

Mbele ya sheria, mzigo mkubwa ni wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka asajili eneo la kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), atathmini hatari, na awape watu mafunzo na vifaa kinga. Kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali (GCLA), na taka zake ni eneo la Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). GCLA na NEMC zote zina ofisi za kanda hapa Mtwara, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo.

Wewe unawajibika kwa kinachopita mikononi mwako: kufuata maelekezo, kuvaa ulichopewa, na kusema unapoona hitilafu. Mwalimu akikuagiza ufanye jaribio bila miwani kwa kuwa "ni dakika mbili tu", una haki ya kuiomba miwani kwanza. Hakuna atakayekukata alama kwa hilo, na akikukata, hilo ni shauri letu.

## Joto, umeme na maji

5. Kwa nini kila mkikagua mnalalamikia joto la stoo?

Kwa sababu joto la Pwani ya Kusini linabadilisha tabia ya kemikali. Kila kimiminika kinachowaka kina kiwango cha joto ambacho, kikifikiwa, mvuke wake unatosha kushika moto ukikutana na cheche. Kwa ethanoli tupu ni takriban nyuzi 13 za Selsiasi. Kwa asetoni ni 20 chini ya sifuri. Mchana wa Desemba hapa kwetu ni nyuzi 30 na zaidi. Maana yake chupa ya spiriti iliyoachwa wazi mezani inatoa mvuke wa kuwaka muda wote, saa sita mchana na saa sita usiku.

Ietha ni mbaya zaidi: inachemka karibu na nyuzi 35. Stoo yenye bati juu, dirisha dogo na mlango uliofungwa tangu Ijumaa inafika hapo bila shida. Jumatatu asubuhi mtunza stoo anafungua mlango na mvuke umejaa sakafuni, maana ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na swichi au jiko la jirani.

Hivyo stoo ya vimiminika vinavyowaka iwe na dari, matundu ya hewa juu na chini, isipigwe na jua la mchana, na ipimwe joto kila siku saa nane mchana. Ietha tunanunua chupa moja ndogo kwa jaribio lililopangwa, hatuweki akiba. Na usijaze chupa mpaka shingoni, kwa sababu kimiminika kikipata joto kinapanuka.

6. Basi si tuiweke kwenye friji?

Hapana. Tunalisisitiza hili kwa sababu joto letu linafanya wazo hilo lionekane la busara. Friji ya kawaida ina taa, swichi na kidhibiti joto, na vyote hutoa cheche ndani ya boksi lililofungwa. Mvuke ukijaa humo, cheche moja inautoa mlango kwenye bawaba. Zipo friji maalumu zisizo na cheche ndani. Kama idara yako haina, haina pia ruhusa ya kuhifadhi kitu kinachohitaji friji hiyo.

Na friji ya kemikali haiwekwi maji ya kunywa, embe wala chakula cha mtoto. Hata kwa saa moja.

7. Umeme ukikatika nikiwa nafanya kazi kwenye kabati la moshi, nifanye nini?

Kabati la moshi, lile lenye kioo cha kupandisha na kushusha, linakulinda kwa sababu feni inavuta hewa. Feni ikisimama, ulichokuwa unakikimbia kinarudi usoni. Zima chanzo cha joto, funika vyombo, shusha kioo mpaka chini, toka na utoe wenzako, acha milango wazi. Usisubiri jenereta. Jenereta ikiwaka, mtaalamu wa maabara ahakikishe feni inavuta kweli (kipande cha karatasi nyepesi kwenye ukingo kinatosha kuonyesha) ndipo mrudi.

Zima pia swichi za majiko na matanuri. Umeme ukirudi usiku bila mtu, jiko lililosahaulika linawaka lenyewe chini ya chombo kilichokauka.

8. Maji yamekatika lakini mtihani wa vitendo ni leo. Tuendelee?

Msiendelee, kama kuna tindikali, alkali au kitu chochote kinachounguza. Jicho lililoingiwa na tindikali linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, na alkali inataka zaidi ya hapo. Ndoo moja na kikombe haitoshi.

Kila maabara ina tanki lake la akiba lililoinuliwa juu ili maji yashuke bila pampu. Mtaalamu wa zamu hufungua bomba la macho kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Tanki likiwa tupu, jaribio linaahirishwa. Tumeshalaumiwa kwa hili na wahadhiri wenye ratiba ngumu, na tutaendelea kulaumiwa. Mtihani unarudiwa. Jicho halirudiwi.

## Mavazi na mwili

9. Navaa hijabu. Nitaruhusiwa maabara?

Ndiyo, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Tunachotaka ni kitambaa kisichoning'inia: ncha ziingizwe ndani ya koti la maabara, mikono ya nguo isizidi ya koti. Chagua pamba. Vitambaa vya nailoni vinavyoteleza vikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Baibui refu livuliwe au lifungwe juu ya kifundo cha mguu, na chumba cha kubadilishia kipo. Kanga ya kujifunga kiunoni haiingii, na kandambili haziingii kwa yeyote, hata kwa mhadhiri.

10. Glovu na barakoa si zilezile za hospitali?

Si zilezile. Glovu nyembamba za mpira za kutupa hukinga dhidi ya matone, kisha unazivua. Asetoni hupenya glovu za aina hiyo upesi, hata zile za bluu za naitraili zinazosifiwa, na aliyezivaa anadhani yuko salama huku ngozi inalowa. Sehemu ya 8 ya karatasi ya usalama hutaja glovu gani kwa kemikali gani.

Barakoa ya hospitali huzuia mate na vumbi kiasi. Mvuke wa fomalini inaupitisha kama haipo. Fomalini imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo vielelezo vya baiolojia vifunguliwe ndani ya kabati la moshi, au kwa kinyago chenye kichujio cha mvuke. Kichujio nacho kina muda wake: andika tarehe ulipokifungua.

11. Sisi wa usafi tukichanganya jiki na dawa ya choo, uchafu unatoka haraka. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo hushambulia mapafu. Ikikutana na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine inayowasha na kubana kifua. Choo chenye dirisha dogo hakikupi nafasi ya pili. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie nyingine kama ni lazima. Ukisikia macho yanawasha na koo linabana, acha ndoo hapohapo utoke nje. Usirudi kuifuata ndoo.

12. Mbona hatupewi maziwa? Kazini kwingine wanaoshika kemikali hupewa kila siku.

Hili huulizwa kwa uchungu, na tunauelewa. Mtu ameona kaka yake mpiga rangi akipewa pakiti ya maziwa kila jioni, naye anahisi ananyimwa haki yake. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini hayasafishi mapafu, hayaondoi mvuke kwenye damu, wala hayazuii saratani. Ulichovuta kwa pua hakikutani na ulichokunywa.

Tatizo ni pale maziwa yanapogeuka mbadala wa hewa safi: mwajiri anaona amemaliza kazi kwa bei ya pakiti moja, na mfanyakazi anaona amekingwa. Dai feni inayovuta. Dai glovu sahihi na kupimwa afya. Ukipewa na maziwa juu ya hayo, kunywa.

Na mtu akimeza kemikali, usimtapishe. Tindikali iliyounguza koo ikishuka huunguza tena ikipanda. Mpeleke hospitali pamoja na chupa au picha ya lebo.

13. Nina mimba changa na sijataka watu wajue. Niseme?

Mwambie mtu mmoja tu, ofisa wa usalama au muuguzi wa zahanati ya chuo, na jambo litaishia kwake. Tutakubadilishia jukumu bila kutaja sababu. Miezi ya mwanzo ndiyo nyeti zaidi kwa mtoto, na ndiyo ambayo wengi hunyamaza. Vivyo hivyo kwa anayenyonyesha.

## Stoo

14. Tumepanga chupa kwa alfabeti, zinapatikana haraka. Kuna kosa?

Alfabeti haijui kemia. Tindikali ya asetiki na tindikali ya nitriki zote huanzia kwenye "tindikali", lakini ya kwanza inawaka na ya pili inachochea moto. Panga kwanza kwa makundi: vinavyowaka, vinavyochochea, tindikali, alkali, sumu, vinavyochukia maji. Ndani ya kundi, alfabeti ruksa. Vizito na vimiminika vikae chini ya usawa wa macho, kila tindikali ndani ya beseni la plastiki.

15. Salfa ya mikorosho ni dawa ya shambani. Kwa nini mmeikataza stoo ya kemia?

Hatujaikataza, tumeihamisha. Huku kusini salfa imezoeleka mno. Kuanzia katikati ya mwaka wakulima wanaipuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mifuko yake inalala mpaka sebuleni. Mazoea hayo yanatufanya tusahau mambo mawili. Vumbi lake laini likitanda hewani ndani ya chumba linaweza kulipuka kwa cheche. Na ikiungua hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, inayokaba pumzi, hasa kwa mwenye pumu.

Stoo ya kemia ina pamanganeti, klorati na nitrati. Salfa ikichanganyika na hizo, msuguano mdogo unatosha kuwasha. Ikae stoo ya shamba, juu ya mbao, mbali na mbolea ya nitrati na mbali na petroli ya mashine za kupulizia. Iliyomwagika isifagiliwe kwa nguvu: nyunyiza maji kidogo kwanza, uzoe na koleo la plastiki.

Wanafunzi mnaokwenda mazoezini Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, au kwenye mashamba ya wakulima: miwani iliyofunga pembeni, barakoa ya vumbi, nguo za mikono mirefu, na msimame upande upepo unakotokea.

16. Nimehamishia spiriti kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, ni nusu lita tu. Kuna shida?

Ipo, na imwage sasa hivi kwenye chupa sahihi kabla hujamaliza kusoma. Miaka kadhaa nyuma, mahali nilipokuwa nafanya kazi, mama wa usafi alikunywa kutoka kwenye chupa ya aina hiyo iliyoachwa dirishani. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, chupa ya maji ina kitu cheupe kama maji. Alipona, baada ya siku nyingi wodini. Aliyeimimina hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Chombo chochote kinachojulikana kwa chakula au kinywaji hakitiwi kemikali. Kinyume chake pia: dumu lililobeba kemikali halioshwi likawa la maji nyumbani. Tunayatoboa madumu matupu kabla ya kuyatoa nje, na tunaomba msikasirike. Tunajua bei ya dumu.

17. Je, spiriti ya maabara inanyweka ikichanganywa na maji?

Hapana. Nyingi ina methanoli, ambayo mwilini hugeuka sumu inayopofusha macho na kuua, na kuichanganya na maji hakuiondoi. Dalili hukawia saa kadhaa: kichwa kuuma, tumbo, macho kuona ukungu. Aliyeinywa apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima, na aseme ukweli alichokunywa. Hospitali haimpigii simu mkuu wa chuo.

18. Kwa nini asetoni na pamanganeti zinasainiwa kama fedha?

Kwa sababu zinaweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya na ziko kwenye udhibiti wa kimataifa, pamoja na ietha, toluini, tindikali ya salfa na ya haidrokloriki. Upungufu wowote wa hesabu uripotiwe mapema. Aliyeripoti anasaidiwa kutafuta.

## Ajali

19. Tindikali imenimwagikia. Nitumie magadi, asali au dawa ya meno?

Maji. Maji tu, mengi, mara moja, dakika 15 hadi 20, huku unavua nguo zilizolowa. Aibu ya kuvua tutaizungumza baadaye, koti safi lipo karibu na bomba. Magadi juu ya ngozi yenye tindikali hutoa joto na kuongeza jeraha. Asali, mafuta ya nazi na dawa ya meno hufunika kemikali ndani.

Kama ni jicho, lishikwe wazi kwa vidole, maji yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje ili lisiambukize la pili. Kisha Hospitali ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Wenzetu wa Lindi, Sokoine. Beba jina la kemikali.

Na ili lisitokee: unapopunguza makali, mimina tindikali ndani ya maji, polepole. Ukimimina maji ndani ya tindikali yanachemka ghafla na kukurukia.

20. Kipimajoto cha zebaki kimepasuka. Tufagie?

Ufagio huivunja zebaki kuwa vitone vidogo zaidi vinavyoingia kwenye nyufa na kutoa mvuke kwa miezi, na joto la huku linauongeza. Toa watu, fungua madirisha, zima feni ya dari. Sukuma vitone kwa kadi ngumu mpaka vikutane, vivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Mabaki ya kwenye nyufa nyunyizia unga wa salfa, ambao hushikana nayo polepole. Hapo salfa yetu inafaa. Kisha omba kipimajoto cha spiriti, kwa kuwa vya zebaki tunaviondoa kimoja kimoja.

21. Moto umewaka. Nizime au nikimbie?

Kama ni mdogo kama ndoo, mlango uko nyuma yako, na umefundishwa: vuta pini, lenga chini ya moto, bana, fagia kushoto na kulia. Vinginevyo toka, funga mlango, gonga kengele, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Waambie kuna kemikali na wapi orodha ilipo, kwenye boksi jekundu la getini. Usimwagie maji spiriti inayowaka, mafuta, wala umeme. Sodiamu izimwe kwa mchanga mkavu tu.

22. Nikiripoti ajali si nitakatwa mshahara wa vifaa vilivyovunjika?

Hukatwi. Tunasema hivi kwa maandishi ili mtu aweze kutushika nayo. Ajali iliyofichwa humrudia mtu wa pili.

Mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), chini ya sheria ya mwaka 2008. Lakini madai husimama juu ya taarifa, na jeraha la leo ambalo halikuandikwa ni gumu kulithibitisha mwakani. Andika siku hiyohiyo, hata kama ni mwasho tu. Mwanafunzi asiye mwajiriwa njia yake ni bima ya afya na zahanati ya chuo, na fomu ya ajali ni ileile.

## Taka

23. Nikimwaga kidogo sinkini na maji mengi, si inaisha?

Inahama. Maji yetu machafu huishia kwenye makaro, chini kuna mchanga na mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na jirani ana kisima. Mbele kidogo ni bahari. Kusini mwa mji tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na pweza tunayemnunua Feri hakupimwa maabara.

Kila maabara ina madumu ya taka yenye lebo: vimiminika vyenye klorini, visivyo na klorini, tindikali, alkali, metali nzito. Andika jina kamili, kiasi, tarehe. Neno "taka" peke yake halimsaidii mtu. Usichanganye tindikali ya nitriki na spiriti au asetoni: hutoa gesi na dumu lililofungwa hupasuka.

24. Tukizichoma shimoni nyuma ya karakana?

Moshi wa vimiminika vyenye klorini ni sumu kuliko vyenyewe, na shule ya msingi iko upande upepo unakoelekea. Hapana.

25. Mbona madumu yanakaa miezi mingi bila kuchukuliwa?

Kwa sababu mkandarasi mwenye kibali hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na hatumi gari kwa madumu matatu. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, madaraja ya barabara ya Lindi kwenda Dar yalisombwa na mkoa ukakatika. Tangu hapo tunapanga stoo ya taka iweze kubeba muhula mzima wa ziada, na tunawasihi wahadhiri mpunguze kipimo: jaribio la mililita 50 mara nyingi linafundisha lilelile kwa mililita 5. Taka ambayo haikuzalishwa haihitaji daraja.

## Mambo ya nadra

26. Tumekuta chupa ya zamani haina lebo, ina chembechembe kwenye kifuniko.

Usiiguse, usiifungue, usiitikise kusikia kilichomo. Asidi ya pikriki ikikauka na ietha ya zamani iliyotengeneza peroksaidi hulipuka kwa msuguano wa kifuniko. Toka, funga chumba, tuite. Sisi tutawaita GCLA.

27. Kimbunga kikitangazwa?

Hili si la kufikirika: Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita jirani tu, Cabo Delgado, Msumbiji. Vinavyochukia maji viwekwe rafu za juu ndani ya vyombo visivyopitisha, mitungi ya gesi ifungwe valvu na minyororo ukutani, madumu ya taka yatolewe sakafuni, umeme wa stoo ukatwe. Kazi hii ifanyike siku moja kabla. Upepo ukianza, hakuna anayeingia stoo.

28. Idara ya fizikia ina chanzo cha mionzi. Kiko chini yenu?

Kiko chini ya kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) na msimamizi aliyetajwa humo. Asiyetajwa hafungui kabati, nasi pia.

29. Mimi ni wa kampuni ya usafi, si mwajiriwa wa chuo. Nikikuta kitu kimemwagika na sikijui, naweza kukataa kukifuta?

Ndiyo. Simama mlangoni, zuia wengine, piga namba iliyo kwenye ukurasa wa mlango, subiri. Anayefuta ni yule aliyemwaga au mtaalamu wa zamu, si wewe. Msimamizi wako akikuambia utafukuzwa, mpe simu tuzungumze naye. Mkataba wa chuo na kampuni yenu una kifungu hicho, na nakala imebandikwa kwenye chumba chenu cha kubadilishia nguo, karibu na ndoano za mwisho. Kama imebanduliwa, njoo uchukue nyingine.